Arobaini Yangu Ukingoni mwa Seng'enge

Mwaka ule wa barakoa, msichana wa Takaba aliyepanga chumba uani kwangu hapa Garissa alijifungua mtoto wa kiume. Mabasi yalikuwa yamesimamishwa, mama yake yuko huko Mandera hana njia ya kuja, na mume amekwama Nairobi. Basi nikawa napika uji nauweka kizingitini, nabisha hodi, narudi nyuma, naye anafungua mlango macho yamevimba kwa kilio. Siku moja akaniambia, kwa jina letu la kumwita bibi, "Ayeeyo, wewe hujui hali hii. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa arobaini yake peke yake namna hii." Nilicheka. Nilicheka mpaka akakasirika, akanifungia mlango. Ndipo nikavuta kigoda, nikakaa nje ya mlango wake, nikamsimulia haya.

Yeye ndiye aliyenisihi niyaandike, kwa ajili ya wengine watakaofungiwa ndani na kichanga mkononi. Kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupendeza akatafute kwingine. Na habari za ugonjwa wenyewe, unatoka wapi na unaingiaje mwilini, waulizeni madaktari. Mimi nitasema nililoliona na lililonipata.

Jina langu ni Dahabo. Kwetu ni Sangailu, na sisi ni watu wa ng'ombe. Wakati vita vya shifta vimepamba moto, miaka ya mwanzo ya uhuru, tulikusanywa kutoka porini tukawekwa kwenye vijiji vya kulindwa. Chetu kilikuwa upande wa Masalani, karibu na mto Tana. Kilizungushiwa boma la miba, na nje ya miba kukapita seng'enge, na langoni wakakaa askari. Ng'ombe walitoka jua limeshapanda na walitakiwa wawe wamerudi alasiri, kwa hiyo malisho ya karibu yakaisha na wao wakabaki mbavu. Sisi tuliozoea kuhama tukiifuata mvua tulibanana pale, nyumba zetu za mikeka zimeshikana mabega, ukipiga chafya jirani anakuombea rehema bila kuinuka kitandani kwake.

Nilikuwa nimeolewa na Noor, mtu mrefu, mpole, asiye na maneno. Mama yake aliitwa Ebla, nasi wakaza wanawe tulimwita Eeddo, kama mtu anavyomwita shangazi. Nyumba iliyogusana na yetu ilikuwa ya Sahara, mke wa kaka yake Noor. Mimi na Sahara hatukuwa tukipikika chungu kimoja. Yeye alikuwa na mtoto wa kiume, Siyat, mnene, ameanza kukaa mwenyewe bila kushikwa, na hapakuwa na mgeni aliyepita asionyeshwe mapaja ya Siyat. Mimi nilikuwa na mimba na mdomo mkali. Mnaweza kukisia.

Eeddo Ebla alikuwa na sifa moja kote kwetu. Ng'ombe akifiwa na ndama akagoma kutoa maziwa, au ndama yatima akikosa wa kumnyonyesha, aliitwa yeye. Alikuwa anaichukua ngozi ya ndama aliyekufa, anamvika yule yatima mgongoni, kisha anamsogeza kwa ng'ombe taratibu huku akimwimbia. Ng'ombe ananusa, anasikia harufu ya mwanawe, anaachia maziwa. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilistaajabu. Alikuwa akisema kwamba mnyama na mtu wote hushikwa puani.

Nilijifungua mwishoni mwa jilaal, kiangazi kile kikali kabla ya masika, wakati hata upepo una vumbi la kutafuna. Alikuwa msichana, tukamwita Deqa. Siku ya saba hatukuwa na mbuzi wa kuchinja, Noor akasoma dua peke yake na kuona haya.

Kwetu mzazi haachwi peke yake hata kwa muda wa mtu kwenda kuchota maji. Kwa siku arobaini hatoki nje, na wanawake wanapokezana. Huyu anapika mchuzi wa mifupa, huyu anamkanda, huyu anachoma ubani asubuhi na jioni mpaka nyumba inawasha macho. Kisu kinalazwa karibu na kichwa cha mtoto. Hadithi zinapigwa, wanaume wanasengenywa, na mzazi analala kama mke wa sultani. Hata mle kijijini, kwenye unga wa posho na maji ya mto, nilitendewa hivyo. Mifupa haikuwapo, lakini wanawake walikuwapo, na Sahara naye alikuja akakaa mlangoni, Siyat mapajani, akasema mtoto wangu ana masikio makubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake, na nilimpenda kidogo siku ile.

Kisha ikaja ndui. Watu walioletwa kutoka upande mwingine walifika nayo, na kabla hatujajua vizuri, nyumba tatu za mwisho zikawa na wagonjwa. Mikusanyiko ilikuwa tayari imekatazwa kwa sababu ya vita. Sasa ikakatazwa mara ya pili, na ubani wangu ukachomwa na mtu mmoja badala ya sita.

Homa ilinishika nikiwa bado sijafika katikati ya arobaini. Kwanza mgongo, nikadhani ni uzazi. Halafu kichwa, halafu mdomo ukawa na vidonda ndani hata mate yakawa yananichoma. Eeddo Ebla alinitazama usoni kwa muda mrefu, akamwambia Noor anipeleke kwa dresa, mhudumu wa dawa aliyekuja na hema lake akaliweka langoni karibu na askari. Ndiyo siku niliyovunja arobaini, nikatoka nje na jua likanipiga usoni kama ninayelazimishwa kuliona.

Tulikaa pale foleni tangu asubuhi. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, hakuna kivuli, na askari amesema anayetoka kwenye mstari anarudi mwisho. Mbele yangu alikuwa bibi mzee aliyekuja kwa ajili ya jino tu, na kila tuliposogea alinitazama nyuma akasogea zaidi. Deqa alikuwa mgongoni, analia, ananyamaza, analia. Nilimshusha nikamnyonyesha nimesimama. Nakumbuka niliomba zamu yangu isifike. Nilijua likishasemwa halitarudishwa mdomoni.

Dresa alikuwa kijana wa bara, amechoka, macho mekundu. Alininyanyua kidevu kwa kijiti.

"Huyu ni ndui," akasema. "Mtoto ana siku ngapi?"

Nilikijua Kiswahili cha dukani tu. "Daktari, mimi naumwa kidogo tu. Mtoto hii arubaini bado. Yeye iko nyonya."

"Mtoto hana vipele bado. Akikaa na wewe atapata. Mtoe mtoto."

Noor, mtu asiye na maneno, akatoka upande wa wanaume akaanza kuongea Kiswahili ambacho sikujua anacho. "Bwana daktari, mimi naomba. Huyu bibi yangu akae nyumba yake. Mimi nafunga mlango, mimi nabeleka maji, hakuna mtu nabita hapo. Wallahi, hata mbuzi habiti."

"Nyumba zenu zimegusana," dresa akasema. "Atakaa kule mwisho." Akaonyesha kwa kile kijiti, upande wa seng'enge.

Hakuwa mtu mbaya. Alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa. Lakini mimi nilikuwa nimempakata mtoto ambaye bado kitovu chake kilikuwa kinapona, na mtu ananionyesha kichaka.

Ukweli ni kwamba hata bila dresa ingekuwa hivyo hivyo. Wafugaji tumeijua ndui kabla ya hema lake. Mgonjwa hujengewa kibanda mbali, upande upepo unakokwenda, na hakuna anayeingia ila mtu aliyewahi kuugua akapona. Kijijini kwetu mtu huyo alikuwa mmoja tu, Maryan, mwanamke wa makamo aliyeugua utotoni, uso wake wote mashimo mashimo. Watu wetu hawana haya kwa majina ya utani, wakamwita Maryan Furuq, yaani Maryan wa Ndui, mbele yake, naye akaitika. Hakuwahi kuolewa. Alikaa kwa kaka yake, akisuka mikeka, na kwenye harusi alikaa nyuma. Sasa kijiji kizima kikawa kinamwita kwa adabu.

Eeddo Ebla ndiye aliyemchukua Deqa kutoka mikononi mwangu. Hakunigusa. Nilimweka mtoto chini kwenye mkeka, nikarudi nyuma, naye akaja akamwokota. "Sahara atamnyonyesha," akasema. "Ziwa lake lina cha kutosha wawili. Wewe pona tu, binti yangu." Nilijua maana yake katika dini: akinyonya kwa Sahara, Deqa atakuwa mtoto wa Sahara pia, na Siyat kaka yake. Sikujali. Nilichotaka kujua ni kama atanyonya.

Hakunyonya. Kibanda changu hakikuwa mbali kiasi cha kunizuia kusikia, nalo lile ndilo lililokuwa gumu kuliko homa. Deqa alilia jioni ile, akalia kesho yake kutwa, sauti inakwaruza, na kila alipolia kifua changu kilijaa mpaka nguo ikalowa. Vipele vilikuwa vimetoka usoni, mikononi, hata kwenye matiti yenyewe. Maryan alikuja akanikamua kwa vidole vyake vikavu, mimi nauma kipande cha mti, na maziwa akayamwaga katika shimo alilochimba mchangani. Alisema bismillahi kabla ya kumwaga, kwa kuwa mtu wetu hamwagi maziwa hivi hivi. Alilifukia shimo kwa mguu akaondoka haraka, na nikamwona anajifuta macho.

"Amenyonya?" nikamuuliza aliporudi.

"Anageuza uso, abaayo, dada yangu. Sahara amejaribu, amemdondoshea mdomoni. Anatema."

"Nileteeni."

"Dahabo, hujaona uso wako."

"Nileteeni mtoto wangu!"

Maryan alichutama mlangoni. "Piga kelele," akasema. "Mimi nilipigia mama yangu kelele hivyo hivyo. Piga, sitakwenda popote."

Kesho yake aliingia bila maji na bila uji. Alinifungua leso niliyokuwa nimejifunga kifuani, ile iliyolowa maziwa na jasho, akanifunika kitambaa kingine. Nilimuuliza anafanya nini, ulimi mzito. "Eeddo ameagiza," akasema. "Anataka harufu yako."

Nilielewa mara moja. Nilimwona mama mkwe wangu akilini, anamvisha Sahara leso yangu mabegani, anamsogeza mtoto taratibu, anaimba. Nataka niseme wazi nilivyohisi, maana wengine hujaribu kulipamba jambo hili. Nilifurahi. Nilihisi kwamba kuna kitu changu kimetoka mle kibandani kimekwenda kumshika mwanangu. Adhuhuri kilio kikasimama. Nikasikiliza, nikasikiliza tena. Kijiji kilinyamaza, nikasikia nzi na maji ya mto, na nikalala usingizi wa kwanza tangu homa ianze.

Siku zilizofuata sizijui vizuri. Macho yalifumbana kwa usaha nikawa kipofu. Nyayo zilijaa vipele chini ya ngozi ngumu, mahali pasipo na nafasi ya kuvimba, na kusimama kukawa jambo la kusimuliwa. Harufu yangu niliisikia mwenyewe. Nywele zilitoka na kitana. Siku moja nilikigusa kidevu changu nikadhani nimegusa kitu kilichoangukia pale. Maziwa yalipungua, kisha yakaisha, na mwili ambao majuzi tu ulikuwa wa mzazi ukawa kigunia cha maganda.

Hapa nitaje wema niliotendewa, kwa kuwa ndio ulioniacha na akili. Wanawake hawakuruhusiwa kukusanyika, lakini hakuna aliyewakataza kwenda kutafuta kuni. Alasiri walipita mmoja mmoja upande wa kibanda changu, na kila mmoja alichomeka kitu kwenye boma la miba: kipande cha ubani ndani ya kitambaa, sukari iliyofungwa kwenye karatasi, majani ya chai, mara moja mkufu wa kitunguu saumu kama anavyovaa mzazi. Kisha akaita jina langu. "Dahabo!" Mimi nilijibu kwa kugonga kibuyu, maana sauti haikuwapo. Hawakusema kingine. Wewe unayesoma, kama una mzazi jirani aliyefungiwa ndani, usimpelekee uji tu ukaondoka. Mwite jina, usubiri ajibu.

Na Noor alikuja kila siku baada ya kurudi na ng'ombe. Alisimama mbali akakohoa. Alikuwa na kikohozi chake cha haya, mara mbili, kimya, mara moja. Sijui alidhani angesema nini. Alikohoa, nikagonga kibuyu, akaenda zake.

Dresa alirudi na chanjo, akaanza na wachungaji na wanawake wazima. Sahara alichanjwa. Watoto wadogo wakaambiwa wasubiri dawa nyingine ije, na barabara ya dawa ilikuwa barabara ya vita. Hivyo tu.

Macho yangu yalipofunguka, kitu cha kwanza nilichokiona ni kibanda kingine. Kilikuwa upande wa pili wa mti wa mgunga, kipya, mikeka bado ya kijani pembeni. Mlangoni palikuwa na mwanamke amekaa amenipa mgongo. Niliujua ule mgongo.

"Maryan," nikasema. "Sahara anaumwa?"

Alikuwa ananipaka samli kwenye mikono, akaendelea kupaka. "Sahara hana kitu. Watoto."

"Watoto gani?"

"Wote wawili."

Nilijaribu kusimama nikaanguka. Nilijaribu kutambaa, Maryan akanishika kiuno, nguvu yake ikanishinda kwa mkono mmoja. "Utakwenda kufanya nini?" akaniuliza. "Huna ziwa, huna miguu. Utamwongezea mtu wa kuuguza?" Nililala kifudifudi mlangoni nikakitazama kile kibanda. Ndivyo nilivyokaa tangu siku hiyo. Nilimwona Sahara akitoka na kuingia, mtoto mmoja mkononi, kisha mwingine. Kutoka pale sikuweza kujua yupi ni yupi, ila kwa ukubwa. Aliyelia sana alikuwa mkubwa. Mdogo hakulia hata kidogo, na sikujua nishukuru au niogope.

Mawingu ya gu, mvua zetu za masika, yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa bahari. Asubuhi moja Noor na kaka yake walikuja na jembe, wakasimama mbali na kile kibanda, wakachimba pale walipofika. Shimo lilikuwa fupi. Nilikaza macho mpaka yakatoa maji. Nilikuwa nahesabu ukubwa wa shimo, Mungu anisamehe, napima kama ni la mtoto wangu au la mwenzangu. Sahara alitoka amebeba kitu kilichofungwa, akakilaza katikati, akarudi nyuma, nao wakaja wakakichukua. Kisha akaingia ndani akatoka na mtoto mdogo, akakaa, akamweka ziwani.

Hakukuwa na kilio cha msiba. Mkusanyiko ulikatazwa. Wanawake walipita alasiri ile kutafuta kuni, na kila mmoja alipofika pale aliita, "Sahara!" Hakumjibu hata mmoja wao.

Maryan ndiye aliyeniambia, siku ambayo dresa alikuja kuchoma vibanda. Nguo zote, dresa alisema, kila kilichogusa mgonjwa, mikeka, vitambaa, kwa kuwa nguo hubeba ugonjwa huu kama mtu anavyoubeba. Eeddo Ebla alikuwa amesimama kwenye boma na wanawake wengine anasikiliza, na mmoja aliyejua Kiswahili akawatafsiria. Maryan alimwona akikunja mikono yake ndani ya nguo. Eeddo aligeuka akaenda nyumbani kwake. Tangu siku hiyo mpaka anakufa, miaka mingi baadaye, hakushika ndama tena. Waliokuja kumwita aliwaambia amesahau.

"Ile leso, Dahabo," Maryan akaniambia. "Mimi ndiye niliyeibeba. Nilijua kwamba mimi siwezi kuugua. Sikujua kama leso inaweza."

Kila mtu katika jambo lile alikuwa amefanya alichokijua, tena kwa mapenzi. Ningepata mtu wa kumlaani ningemlaani, ningepumua kidogo. Nilikosa. Mtoto wangu alikuwa hai kwa sababu ya leso ile, na Siyat, yule mnene wa mapaja, alikuwa chini ya mchanga kwa sababu hiyo hiyo. Na Deqa, kichanga, aliota vipele vichache, vikakauka. Msiniulize kwa nini. Nimemuuliza Mungu miaka yote hii, na bado namuuliza.

Arobaini yangu ilikuwa imekwisha zamani bila mtu kuihesabu. Kwetu siku ile mzazi huogeshwa, huvishwa, na wanawake humtoa nje wakimsindikiza mpaka nyumba ya ndugu, ambako anapokewa kwa ubani na chakula. Mimi niliogeshwa na Maryan peke yake, kwa maji ya mto ya uvuguvugu, mvua ya kwanza inadondoka. Alinivisha kanga yake kuukuu. Alinishika mkono, nikakanyaga ardhi kwa nyayo zilizobadilisha ngozi, kila kokoto nalihisi.

"Tunakwenda wapi?" nikauliza.

"Mzazi anakwenda nyumba gani? Ya ndugu yake."

Kijiji kilikuwa milangoni. Walinitazama, na wengine wakaangalia chini upesi, ndipo nikajua uso wangu umekuwaje. Noor alisimama kando ya ng'ombe wake. Alikohoa, mara mbili, kimya, mara moja. Maryan alinipitisha mbele ya mlango wetu bila kusimama, akainua mkeka wa mlango wa Sahara.

Ndani kulikuwa na ubani. Sahara alikuwa ameuchoma kwa ajili yangu, yeye mwenye msiba. Alikuwa amekonda, amejifunga leso ya bluu ambayo mumewe alimtafutia baada ya nguo zake kuchomwa, na Deqa alikuwa ziwani, anavuta kwa nguvu, mguu mmoja unapiga piga. Masikio yake kweli yalikuwa makubwa. Nilikaa chini.

"Sahara," nikasema. "Ndugu yangu."

Alinitazama usoni, polepole, kovu kwa kovu. Nilingoja anifukuze. Ningeondoka. Nilikuwa nimekwisha jiambia njiani kwamba akitaka kubaki na mtoto nitamwachia, na nilikuwa nimejiambia pia kwamba siwezi.

"Umekuja kumchukua," akasema.

"Sina ziwa."

"Najua huna ziwa. Nakuuliza kama umekuja kumchukua."

"Nataka kumshika tu."

Alimtoa mtoto ziwani, akanipa. Deqa alinitazama. Nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo tangu jilaal. Alikunja uso, akapiga ukelele, akajipinda mgongo kunikwepa, mikono yote miwili imenyooshwa upande wa Sahara, na kile kilio kilikuwa kile kile cha siku za kwanza, kilichokuwa kinanijaza kifua. Sasa kifua changu hakikujaa. Cha Sahara ndicho kilicholowa, nikaona doa linapanuka kwenye leso ya bluu. Nilimnyooshea Sahara mtoto. Nililia mbele ya mwanamke aliyefiwa, bila haya, nikisema mchukue, mchukue, hanijui.

Sahara hakumpokea. Alikaa anamtazama anavyolia. Kisha mkono wake ukaenda kwenye fundo la leso yake, pale begani, ukasita. Ukakaa pale. Maryan, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Sahara, si lazima." Sahara alilifungua fundo. Aliivua ile leso yenye joto lake na maziwa yake, akanizungushia mabegani, akaikaza mbele kwa mikono yake miwili, akamsukuma mtoto taratibu kifuani kwangu.

"Mwimbie," akaniambia. "Eeddo huwa anawaimbia."

Sikuwa na sauti ya kuimba, nikavuma tu. Deqa alilia, akaweka pua yake begani kwangu, akalia kidogo, akanusa tena. Akanyamaza. Tulikaa hivyo, mimi nimejifunika nguo ya mwenzangu, mtoto amenishika ncha yake, na Sahara pembeni yetu, kifua kinamlowa, mpaka ng'ombe waliporudi.